Simu zetu hazijafa: mafundi na wenye wifi, acheni kula pesa za kitundu

BUTEMBO – Ndugu wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza kila jioni, leo sileti habari za barabara wala za bei ya mafuta. Naleta habari ya kitundu. Ni kile kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta ya wifi, kinachoingia ncha ya sindano tu, na ambacho hapa mjini kwetu kimekuwa njia ya watu kula pesa za wenzao. Wengine watacheka. Watasema, vita viko pale, watu wanalala kwenye madarasa, na mtu wa redio anaandika juu ya wifi. Subirini mpaka mwisho, kisha mcheke kama mtaweza.

Katika parseli ninamokaa, mtaa wa Bulengera, tuko nyumba sita. Tulichanga, tukanunua ruta moja ya kutumia kadi SIM, ile inayokamata 4G, na kila mwezi tunachanga tena kwa ajili ya forfe. Nyumba mbili kati ya hizo sita zinapokea familia zilizokimbia kutoka Kanyabayonga na Kirumba, tangu vita vilipofika kule mwisho wa mwezi wa sita 2024. Familia hizo hatuzidai mchango. Tulikubaliana hivyo, na mpaka leo hakuna aliyelalamika kwa sauti ya kusikika.

Siku moja ya posho, jioni, intaneti ikawa nzito. Ilikuwa nzito kama inavyokuwa kila siku ya posho jioni, watu wote wakiwa nyumbani na antena ya kampuni imejaa. Kijana mmoja fundi wa simu, mwenye meza yake karibu na soko, alikuwa amekuja kusalimia. Akasema, "Hiyo ni kazi ndogo." Akageuza ruta, akaomba sindano, akafinya kitundu, akahesabu mpaka kumi. Taa zikazimika, zikawaka tena. Akapokea franka 2000 za kazi, akaenda.

Nusu saa baadaye hakukuwa na simu hata moja yenye wifi katika parseli nzima. Simu 11, kompyuta yangu ya kazi, na televisheni ya jirani ambayo watoto wote wanaitegemea. Tukamwita fundi. Hakusema kwamba yeye ndiye aliyevuruga. Alisema simu zimefungika, na kila moja inahitaji kufunguliwa kwa mkono, franka 1000 kwa simu. Watu wakapanga mstari. Mimi pia nilipanga mstari, mtu niliyesomea uandishi wa habari, nikatoa franka 1000 yangu ili kijana aandike katika simu yangu maneno yaliyokuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta yetu wenyewe.

Hilo ndilo lililonifanya nikae siku nyingi nikiuliza, nikisoma, nikijaribu kwa mikono yangu. Na nililolikuta naliandika hapa bila kuficha.

Kuna mambo mawili ambayo sisi tunayaita kwa jina moja, na hapo ndipo ujanja unapopitia. Tunasema tu "kurudisha ruta". Lakini kuzima ruta na kuiwasha ni jambo moja, na kufinya kitundu ni jambo jingine kabisa. Ukichomoa waya wa umeme, ukangoja kidogo, ukaurudisha, ruta inaamka na kumbukumbu zake zote. Umeme wetu unakatika mara ngapi kwa juma moja? Na kila ukirudi, simu zinashika wifi zenyewe bila kuombwa na mtu. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba ni umeme uliokatika ndio uliofunga simu zako.

Kitundu ndicho kinachosahaulisha. Ukikifinya sekunde chache kama kumi hivi, ruta inafuta yote yaliyoandikwa ndani yake tangu siku ya kununuliwa: jina mlilolipa wifi yenu, neno la siri mlilolichagua, ambalo wengi wanaliita kode, na mipango mingine yote. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Jina lake sasa ni lile la herufi na namba lililochapwa kwenye karatasi iliyo chini yake, na neno la siri ni lile lililo kwenye karatasi hiyo hiyo.

Simu, kwa upande wake, haijui kwamba ruta ni ile ile iliyoko juu ya kabati. Simu inajua jina na neno la siri, basi. Inatafuta jina la zamani, haikuti kitu, inanyamaza. Haijafungika, wala haijafa. Inangoja mtu ambaye amebadilishwa jina bila yeye kuambiwa. Na kama jina limebaki lile lile lakini neno la siri ndilo lililobadilika, simu inatoa neno la zamani na ruta inaikatalia. Hapo ndipo kwenye kioo yanatokea maandishi ya Kifaransa, problème d'authentification, na mtu akiona neno problème anajua tayari kwamba simu yake imekwisha. Fundi naye hana haraka ya kumtoa katika wazo hilo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pesa zinapoliwa. Yule aliyefinya kitundu anaweza, palepale, kuingia ndani ya ruta kwa simu yake mwenyewe. Anaandika anwani iliyo kwenye ile karatasi ya chini, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, mahali pale pale tunapoandika anwani za intaneti. Kisha anaweka jina la zamani na neno la siri la zamani kama yalivyokuwa, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo, hata nafasi kati ya maneno. Akimaliza, simu zinarudi zenyewe. Hakuna anayepanga mstari, hakuna simu inayoguswa. Hata ile ya mama mzee asiyejua kusoma, iliyoko mfukoni mwa kitenge chake, inashika wifi bila yeye kujua kwamba kulikuwa na shida.

Ikibaki simu moja au mbili za zamani zinazokataa, fundi aangalie mambo mawili. Kuna ulinzi mpya unaoitwa WPA3 ambao simu za zamani haziuelewi. Arudishe ruta kwenye WPA2. Na kuna mawimbi ya 5 GHz ambayo simu nyingi za bei ndogo haziyaoni kabisa. Ahakikishe mawimbi ya 2,4 GHz yako wazi na yana jina lile lile la zamani. Ni kazi ya dakika chache, na mimi ambaye si fundi nimeifanya.

Basi kwa nini hawafanyi? Wako mafundi wasiojua, na hao nawasamehe, ingawa mtu asiyejua dawa asichome sindano. Lakini wako wanaojua. Franka 2000 za kufinya kitundu ni kidogo. Simu 11 kwa franka 1000 ni franka 11000. Piga hesabu hiyo kwa parseli zote alizopita juma lile, utaelewa kwa nini jina la zamani la wifi halirudishwi.

Kuna jambo jingine ambalo nililijua nikiwa nimechelewa. Kitu cha kwanza ambacho mafundi hawa wanaambia watu ni kufungua orodha ya wifi na kufinya Oublier le réseau. Sahau mtandao. Watu wanafinya wote, simu moja baada ya nyingine. Ndugu zangu, msifinye haraka. Ruta ikishasahau, mahali pekee ambapo neno la siri la zamani linaweza kuwa bado limebaki ni ndani ya simu zenu. Simu nyingi za Android za kuanzia toleo la 10, lililotoka mwaka 2019, zinaweza kuonyesha wifi iliyohifadhiwa kwa ule mraba wa madoa meusi, na mara nyingi chini ya mraba neno lenyewe linaandikwa. iPhone zenye iOS 16, ya mwaka 2022, nazo zinaonyesha. Kwa hiyo simu moja tu ya mtoto yeyote katika parseli ingetosha kumpa fundi neno la zamani, arudishe kila kitu. Badala yake anawafanya mfute ushahidi kwa vidole vyenu wenyewe, kisha anasema, "Mnaona? Neno la zamani limepotea." Mkishapata neno hilo na kuliandika kwenye karatasi, au kama mmekubaliana wote kubadilisha, hapo Oublier ina kazi yake. Mbele ya hapo, hapana.

Nije kwa wenye wifi ya kulipia, maana hao nao wamejifunza. Hapa mjini ziko butiki na parseli nyingi ambazo mtu anauza wifi kwa siku, kwa juma, kwa mwezi. Si mbaya, mega ni ghali na watu wanasaidiana. Lakini muuzaji anaandikisha wateja wake kwa namba fulani ambayo kila simu inaitoa inapoingia kwenye wifi. Zamani simu ilikuwa na namba moja, kama namba ya bamba la gari. Tangu Android 10, na tangu iOS 14 ya mwaka 2020, simu zinatunga namba nyingine kwa kila jina la wifi, ili watu wabaya wasiweze kumfuata mtu kutoka mahali hadi mahali. Ni jambo jema. Lakini muuzaji akifinya kitundu, wifi ikabadilika jina, simu yako ile ile uliyoilipia mwezi mzima inaingia na namba mpya. Mashine inaona mgeni. Tena pengine hata orodha yenyewe ya waliolipa imefutika pamoja na mengine. Na muuzaji anakutazama usoni, wewe uliyemletea pesa juma lililopita, anasema, "Mashine inaonyesha hujalipa."

Nimekutana na watu watatu waliolipa mara mbili namna hiyo. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyote mnajua walimu wetu wanalipwa namna gani. Muuzaji anajua wateja wake, anawajua kwa majina na kwa nyumba. Kwa nini mashine iliyosahau iaminiwe kuliko mtu anayekumbuka? Andikeni malipo kwenye daftari. Mama wa sokoni anayeuza fufu kwa deni ana daftari. Wewe unayeuza intaneti huna?

Natambua watakavyojibu, kwa sababu baadhi wameshanijibu. Watasema wifi ni mali yao, wana haki ya kubadilisha neno la siri wakati wowote. Ni kweli. Neno la siri likijulikana na kartie nzima, watu kumi wanaolipa wanabeba thelathini wasiolipa, na forfe inakwisha tarehe kumi. Kubadilisha ni haki, na mara nyingine ni lazima. Sikatai hata kidogo. Lakini anayebadilisha kwa haki anasema, "Nimebadilisha, hili ndilo neno jipya kwa waliolipa." Hasemi simu zenu zimefungika. Hatozi pesa za kufungua kitu ambacho hakikufungwa. Na familia iliyokimbia, ambayo mlikubali wenyewe itumie bure, mkitaka kuiondoa, mwiteni papa au mama wa familia hiyo, mkae, mmwambie wazi. Kuwakatia kwa kitundu kisha kusema "ni mashine" ni kuwafukuza watu bila kuwa na uso wa kuwafukuza. Nimeliona hilo katika parseli mbili, si yetu, na mimi kutaja ni zipi haitasaidia mtu.

Nigusie kidogo jambo la wale ambao, baada ya fundi kupita, simu zinashika wifi lakini hakuna kinachofunguka. Juu ya kioo wanaona connecté, sans Internet. Hiyo si shida ya simu wala ya neno la siri. Simu imefika kwenye ruta, ila ruta ndiyo haijafika kwenye kampuni. Kuna kampuni ambazo zinaandika ndani ya ruta jina la mteja na neno lake, na kitundu kimefuta. Hapo ni kupigia kampuni tu, au kutafuta karatasi waliyowapa siku ya kufunga. Ukilipa fundi afungue simu kwa tatizo la namna hiyo, umelipa bure mara mbili.

Na tena: ruta iliyoachwa na maneno ya kiwandani ni mlango usio na komeo. Ruta nyingi, hasa zile za zamani, zinafunguliwa ndani kwa neno admin na tena admin, na hilo linajulikana dunia nzima. Yeyote aliyeshika wifi yenu anaweza kuingia, kubadilisha, hata kuwafungia ninyi wenyewe nje. Fundi anayeenda zake bila kuweka neno jipya kwenye mlango huo wa ndani amewaacha wazi. Siku mbili baadaye anaitwa tena. Sijasema anafanya makusudi.

Sasa nirudi kwenye parseli yetu, kwa sababu nilisema msicheke.

Katika ule mstari wa franka 1000 alikuwemo mama mmoja kutoka Kanyabayonga. Ana simu ya Android iliyopasuka kioo, ya zamani, haina kadi SIM ndani. Kadi ilipotea njiani siku ya kukimbia, pamoja na kadi yake ya mpiga kura. Lakini WhatsApp yake ya namba ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi vizuri kwa wifi yetu, maana WhatsApp ikishafunguliwa haiulizi kila siku kama kadi iko. Mtoto wake mkubwa walipotezana siku ile ile, akaenda upande mwingine. Kwa namba hiyo ndiyo alikuwa anamtumia mama yake audio, kila baada ya siku kadhaa, akipata mega. Mama alikuwa akizisikiliza jioni, amekaa kwenye ngazi ya nyumba yetu kwa sababu hapo wifi inafika vizuri. Wote tulizoea sauti ya yule kijana. Tulijua alipopata kazi ya kubeba matofali, tulijua alipougua.

Fundi akaandika neno la siri kwenye simu ya mama, ikakataa. Akajaribu mara ya pili, ikakataa. Akasema, "Mama, hii imekufa ndani, inaomba kuflashiwa." Dola 5. Mama akanitazama mimi. Na mimi nikamwambia, "Mpe tu, mama, anajua kazi yake." Dola 3 nilitoa mimi, 2 alizipata yeye, sijui wapi.

Kuflashi simu ni kuifuta yote. Picha, namba, audio, kila kitu. Ilirudi asubuhi ya siku ya pili, safi kama ya dukani, na bado ilikuwa inakataa wifi. Nikaichukua mwenyewe, nikageuza ruta, nikasoma karatasi polepole. Katikati ya neno la siri kuna alama ya mviringo. Fundi alikuwa ameandika herufi O. Ilikuwa sifuri. Nikaandika sifuri, ikaingia.

Kwa hiyo simu ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ilifutwa kwa sababu ya sifuri moja, na kwa sababu mtu hakurudisha jina la zamani ambalo simu ya mama ilikuwa inalijua vizuri kabisa.

Tulipofungua WhatsApp, iliomba ithibitishwe kwa ujumbe utakaotumwa kwenye namba. Namba ile ya zamani, ambayo kadi yake iko mahali fulani porini kati ya Kanyabayonga na Lubero. Kuirudisha kadi, wakala alitaka kitambulisho, ambacho nacho kilikuwa kwenye mfuko ule ule. Mama alikuwa hajaishika namba ya mtoto wake kichwani. Nani kati yetu anashika namba kichwani siku hizi? Mtoto naye, akituma audio kwa namba ya zamani, anaona alama moja tu, na hajui kama mama amekufa au amemnyamazia.

Hapo ndipo niliacha kucheka mambo ya wifi.

Nasema pia juu yetu sisi watu wa redio. Tunatangaza kila siku namba za kupiga mtu akiona silaha, akiona ugonjwa, akipotelewa na mtoto. Hatukuwahi hata siku moja kuwaambia watu waliokimbia kwamba simu yenye WhatsApp ya kadi iliyopotea ni kama yai: usimpe mtu aiflashi, usiifute, na kama kuna mtu wa kukusaidia, aandike namba zote kwenye karatasi leo, kabla ya lolote. Mimi nilijua kwamba kuflashi kunafuta. Nililijua, nikasema "mpe tu". Katika kipindi cha siku ya tatu nimelikubali hewani, na hapa naliandika.

Kwa hiyo nawaomba, hapana, siwaombi, nawadai mafundi wa mji huu: kabla ya kushika sindano, zimeni ruta, muiwashe, mngoje. Intaneti nzito ya siku ya posho haiponyeshwi na kitundu. Mkilazimika kukifinya, andikeni kwanza jina na neno la siri kwenye karatasi, na mkimaliza rudisheni kama mlivyokuta. Kazi hiyo imo ndani ya zile franka 2000, si kazi nyingine. Msiflashi simu ya mtu yeyote kwa sababu ya wifi bila kumwambia kwa lugha anayoielewa kwamba kila kitu kitafutika, na msubiri aseme ndiyo yeye mwenyewe, si jirani yake wa redio.

Na wale mnaosimamia wifi za parokia, za masomo, za vituo ambako waliokimbia wanakwenda kusikiliza habari za watu wao: bandikeni jina na neno la siri ukutani siku mnapobadilisha. Wengine wanatembea mwendo wa saa nzima kwa miguu kufika hapo. Nimewaona wakisimama nje ya ukuta na simu juu, wakiizungusha kama wanatafuta mwezi, kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia kwamba wifi ya jana leo inaitwa jina lingine.

Fundi wetu amesikia kwamba naandika haya. Alinipigia siku ya nne usiku, akasema namharibia soko, na kwamba watu wa redio tunapenda kusema wakati hatujui kutengeneza hata chaja. Nilimwambia aje kwenye kipindi, siku ya posho saa kumi na moja, aeleze mwenyewe mbele ya wasikilizaji kwa nini simu 11 zilihitaji kufunguliwa. Alisema atafikiri. Mama atakuwepo pia. Anataka kutangaza namba yake mpya, pengine kijana wake yuko mahali ambapo redio yetu inafika.